MAJI YA KIOO NA UPEPO WA TAIRI LA AKIBA

(Maneno yaliyosemwa ukumbini mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipopata barua ya Katibu ya kunitaka niseme jambo mbele yenu, nilidhani nitapewa mada kama zile wanazopewa watumishi wa serikali siku zote: nidhamu kazini, ama mchango wa vijana katika ujenzi wa taifa. Kumbe sivyo. Katibu aliandika kwamba Klabu ya Ufundi imekabidhiwa ile Volkswagen kuukuu iliyokuwa imelala nyuma ya karakana miaka mingi, kwamba injini imekwisha kuwaka, breki zimekwisha kufungwa upya, na sasa umezuka ubishi juu ya kitu kimoja kilichobaki, nacho ni maji ya kuoshea kioo cha mbele. Wapo wanaotaka mtambo wake urudishwe kama ulivyotoka kiwandani. Wapo wanaosema ifungwe pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la Kijapani, na shughuli iishe. Kwa kuwa mimi ninalo gari la namna hiyo, la mwaka 1970, na mtambo huo nimeufunga kwa mikono yangu mwenyewe, nimeitwa kama shahidi. Nimekubali, na nawataka radhi wale waliokuja kusikia habari za ujenzi wa taifa.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linastahili kuchukua dakika zenu. Wengi wetu huona maji ya kioo kuwa ni anasa, kama vile redio au kiyoyozi. Gari linauzwa, linanunuliwa, linakwenda Mwanza na kurudi, na hakuna anayeuliza kama yale maji yanatoka. Dereva akiona kioo kimechafuka husimama kituo cha mafuta, akawaita vijana wenye ndoo na sponji. Mpango huo ni mzuri madhali uchafu nao unakubali kusubiri mpaka kituo cha mafuta.

Sasa tazameni kioo chenyewe. Wanafunzi wa jiografia mnajua kuwa udongo wa Dodoma na Singida umetokana kwa sehemu kubwa na mawe ya granaiti, na ndani ya granaiti mna chembe za kwazi, zile nyeupe zinazometameta mkononi unapochota mchanga wa korongo. Katika kipimo cha ugumu wa madini kinachoitwa kipimo cha Mohs, kwazi iko daraja la 7. Kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Maana yake ni kuwa vumbi lile ni gumu kuliko kioo, na dereva anayewasha waipa juu ya vumbi kavu anakisugua kioo chake kwa msasa. Mchana hataona kitu. Usiku, likija gari la mbele na taa zake kamili, kila mkwaruzo utawaka kama uzi wa moto, na yeye atalaumu macho yake.

Mwanamke wa Marekani, Mary Anderson wa jimbo la Alabama, alipewa hataza ya chombo cha kufuta kioo cha mbele mwaka 1903. Heshima yake aipate. Walakini kufuta bila maji ni nusu ya kazi, na katika nchi yenye kiangazi cha miezi saba nusu hiyo ni hatari kuliko kutofuta kabisa.

Nitawapa mfano mmoja. Mwezi Desemba 2022 nilikuwa natoka Dodoma kwenda Manyoni, wakati wa jioni. Mvua za kwanza zilikuwa ndiyo zinabisha hodi, manyunyu tu, yale yasiyotosha hata kulaza vumbi. Tulipokwisha kupita Bahi nilikuwa nyuma ya lori la mizigo la safari ya Rwanda, na magurudumu yake yalikuwa yanarusha tope jembamba kama maziwa. Jua nalo lilikuwa limeshuka chini ya wingu, likawa linapiga usoni moja kwa moja, kwani barabara ile yaelekea magharibi. Kioo changu basi kilikuwa na vumbi la mchana kutwa, na manyunyu, na tope la lori, vyote pamoja. Waipa zilipopita mara ya kwanza hazikufuta, zilipaka. Mbele yangu ikawa ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umewashwa na jua.

Nikabonyeza kitufe. Maji yakaruka, waipa zikapita mara mbili, na mbele yangu, mita kama sabini, akaonekana kijana anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, hana taa, na nusu ya mzigo imeingia kwenye lami. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo kati yangu na yeye palikuwa na sekunde nne. Zilitosha. Nilimpita kwa nafasi ya kutosha, naye hakugeuka hata kuangalia, maana kwa upande wake hakuna lililotokea. Alikuwa na umri wa ninyi mlioketi safu hizi za mbele.

Basi tuingie kwenye mtambo wenyewe, kwani ni mmoja wa vitu vya werevu nilivyopata kuviona katika gari la bei ndogo.

Kila mmoja wenu anajua kwamba gari hili injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, halina rejeta. Mbele, chini ya boneti, mna tangi la petroli, tairi la akiba, na nafasi ya sanduku moja la safari. Watu wa kiwanda cha Wolfsburg walipotaka kuweka maji ya kioo walijiuliza nguvu ya kuyasukuma itoke wapi. Pampu ya umeme ni fedha, na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Wakatazama, wakaona kuwa mbele pale tayari kuna chombo kilichojaa nguvu wala hakina kazi siku zote isipokuwa siku ya pancha: tairi la akiba. Katika magari ya modeli ya 1968 na yaliyofuata, mpira mwembamba hutoka kwenye valvu ya tairi hilo ukaingia kwenye kifuniko cha kopo la maji. Upepo wa tairi hulikandamiza maji. Maji hupanda kwa mpira wa pili hadi kwenye swichi ya dereva, na swichi hiyo si ya umeme kwa upande wa maji, ni bomba dogo la kufungua na kufunga. Katika gari langu la 1970 ni kitufe kilicho katikati ya swichi ya waipa, unakibonyeza. Katika gari la shule, ambalo ni la 1974, ni ule mkono wa waipa ulio pembeni mwa usukani, unauvuta kuja kwako. Ukifungua, maji hupita kwa mpira wa tatu hadi kwenye pua iliyo chini ya kioo, nje, yenye matundu mawili. Hakuna mota, hakuna fyuzi, na betri ikifa maji bado yanatoka.

Tairi hilo la akiba hutakiwa kujazwa kupita kiasi cha kawaida, kiasi cha kilo 3 kwa sentimita ya mraba, yaani paundi arobaini na kitu. Matairi yanayotembea katika gari hili hayataki hata nusu ya hapo mbele, paundi 16 hadi 18, na nyuma ni 24 hadi 27 hivi. Kwa hiyo siku ya pancha unapunguza upepo kwanza, ndipo unafunga tairi. Tena kwa kuchelea dereva asije akaosha kioo mpaka tairi likalala, walitia valvu ndogo ya kuzuia kwenye mpira wa upepo. Upepo ukishuka hadi kiwango ambacho bado kinalifaa tairi la nyuma, valvu hufunga, maji hukoma, na dereva anajua bila kuambiwa na mtu kwamba tairi lake la akiba linataka upepo.

Hapo ndipo penye uzuri wote, nami naomba mpashike vizuri. Katika gari lolote kuna vitu viwili ambavyo dereva husahau: maji ya kioo na upepo wa tairi la akiba. Hapa vimefungwa kamba moja, kila kimoja kinamsemea mwenziwe. Mimi katika gari langu jingine, la kisasa, sikumbuki mara ya mwisho nilipopima tairi la akiba. Katika Volkswagen nalipima kila ninapotia maji, kwa kuwa sina njia ya kutolipima.

Wanafunzi wa fizikia, toeni karatasi. Robert Boyle alieleza mwaka 1662 kwamba hewa ya joto lile lile, ukiipa nafasi kubwa zaidi, kanieneo lake hupungua kwa uwiano ule ule. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, tairi lina nafasi ya lita 25 na kopo lina lita moja na nusu. Geji inasoma 3. Lakini geji huanza kuhesabu juu ya hewa ya dunia, kwa hiyo kanieneo kamili ni 4. Maji yakiisha yote, upepo wa lita 25 umejitandaza katika lita 26.5. Zidisha 4 kwa 25, gawanya kwa 26.5, utapata karibu 3.77, na geji itasoma 2.77. Ukifungua kopo kutia maji mapya, ule upepo wa kopo unakwenda zako. Kopo la pili likiisha geji itasoma 2.56. La tatu, 2.36. Mwalimu akitaka swali la mtihani alichukue hili, ila aseme kwamba mpira umefungwa vizuri, maana usipofungwa vizuri Boyle hana lawama.

Sasa nije kwenye kufunga. Mnunue vitu vitano: kopo na kifuniko chake, mpira wa upepo wenye valvu ya kuzuia, mpira wa maji, pua, na, kama swichi ya zamani inavuja, swichi. Vitu hivi vingali vinatengenezwa, kwa sababu magari haya ni mengi mno duniani. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Afrika Kusini waliyaunda Uitenhage kuanzia 1951 hadi 1979, na huko bado wako watu wanaouza vipuri vyake. Kopo na kifuniko vinunuliwe pamoja. Kopo la zamani la plastiki lililokaa juani miaka arobaini halitavumilia kilo 3. Litapasuka penye mshono, na maji yatamwagikia nyaya. Valvu ya kuzuia msiidharau. Nimeona magari mawili ambayo mafundi waliikata wakaunganisha mpira mtupu, wakidai kwamba valvu ndiyo inayozuia maji kutoka. Ni kweli ilikuwa inazuia. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Kabla ya yote, toeni waya wa betri. Betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, na waya wa kutangulia kutoka ni ule wa hasi. Kisha toeni tairi la akiba, toeni kadibodi inayoziba nyuma ya dashibodi, na hapo mtaona njia ya mipira ya zamani. Msiing'oe kwa hasira. Fungeni mpira mpya kwenye ncha ya ule wa zamani kwa uzi, mvute taratibu, wa zamani utauongoza mpya. Mpira wa zamani ukikatika njiani, basi tumieni waya mwembamba kama fundi wa umeme anavyofanya ndani ya ukuta.

Mpira ukikataa kuingia kwenye shingo ya pua au ya swichi, msitie grisi wala oili, kwa kuwa hivyo hula mpira. Chovyeni ncha katika maji ya moto, ama pakeni maji ya sabuni, utaingia wenyewe na ukipoa utabana. Acheni urefu wa ziada kidogo kila mwisho, vidole viwili hivi, ili baada ya miaka mkikata ncha iliyochoka mpira usipunguke. Mpira upite mbali na nyaya, usikunjwe, usigusane na chuma chenye ncha kali. Panapopita tundu la bodi pawe na ule mpira wa kuzuia chuma kukata. Katika gari la 1974 angalieni zaidi pale maji yanapopanda kwenye nguzo ya usukani, kwa sababu hapo maji na umeme wa swichi ya waipa wamekuwa majirani wa chumba kimoja. Kiungo kikilegea, maji hutiririka juu ya magoti ya dereva, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni yakifika kwenye nyaya. Hapo tieni vibanio vizuri kuliko mahali pengine pote.

Msiunganishe pua kwanza. Tieni maji kidogo, unganisheni upepo, fungueni swichi, acheni maji yaondoe vipande vya mpira na vumbi vyote yamwage kwenye ndoo. Ndipo mfunge pua. Watu wengi huanza na pua, na takataka yote ya njiani hukimbilia kwenye matundu mawili ambayo hayawezi kupisha hata punje ya ulezi.

Jaribio la kwanza lisiwe la kilo 3. Jazeni tairi kilo moja tu, pakeni mapovu ya sabuni kwenye kila kiungo cha upepo, na muangalie. Povu likikua, pana tundu. Mkiridhika pandisheni hadi 2, mpake tena, kisha 3. Baada ya hapo andikeni geji ilivyosoma, liacheni gari usiku kucha bila kugusa kitufe, na asubuhi, kabla ya jua kuwaka, mpime tena. Pua hulengwa kwa pini, na mlenge juu kuliko mnavyodhani, kwa sababu gari likiwa katika mwendo upepo huyasukuma maji chini. Yakipiga katikati ya kioo gari likiwa limesimama, barabarani yataishia chini penye mpira wa kioo.

Juu ya maji yenyewe nitasema machache. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi chumvi, na yakikaukia kwenye tundu la pua huacha ukoko mweupe unaoziba. Siki iliyopashwa moto huutoa. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora. Sabuni ya unga msitie, haiyeyuki yote, na iliyobaki inakwenda kukaa kwenye pua. Tumieni ile dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hii. Na hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 2010 watafiti wa afya wa Uingereza walitoa matokeo yao kwamba madereva waliokuwa wakitia maji matupu, bila dawa, walionekana kupatwa zaidi na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria wa Legionella. Bakteria hao hupenda maji yaliyotuama yenye uvuguvugu, na kopo lililo chini ya boneti juani ni mahali pao hasa. Mnaponyunyiza, mnavuta.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa mtaona kama nimekwisha kupiga kura upande wa mtambo wa zamani. Bado. Yapo maneno ya upande wa pili, tena yamesemwa na mwenzetu mmoja mhandisi ambaye namheshimu tangu alipokuwa kiranja wa bweni letu. Yeye anasema pampu ya umeme ya volti 12 ni bei ndogo, inapatikana katika kila duka la spea, inafungwa kwa saa moja, na haihitaji kumweka kijana karibu na tairi lenye paundi arobaini. Hili la mwisho ndilo zito, wala si la kupuuza.

Kwa sababu asubuhi hii, kabla ya ninyi kuamka kwenye gwaride, nilikwenda karakana kuliangalia tairi la akiba la gari la shule. Kwa kulitazama juu juu ni tairi zuri kuliko yote manne yanayotembea. Kashata zake zimejaa, vinyweleo vya kiwandani bado vimo, yaani halijapata kugusa barabara. Nikainama na tochi. Matairi mengi yana herufi DOT ubavuni na tarakimu za mwisho zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa; 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2000 yalipigwa tarakimu tatu tu. Hili lina tatu. Tairi hilo ni kubwa kwa umri kuliko kila mwanafunzi aliyemo humu ukumbini. Kwenye ubavu, karibu na ringi, pana nyufa ambazo ukucha unaingia.

Tairi la namna hiyo ukilijaza kilo 3, ukalifungia mbele ya tangi la petroli, ukaliendesha juani, umejitengenezea kitu ambacho sitaki kukiita jina mbele ya wazazi. Hapo haidhuru kopo limetoka Ujerumani au la, valvu ni mpya au la. Mtambo huu wote umesimama juu ya tairi, na mtu wa Wolfsburg alipouchora alikuwa na tairi jipya akilini.

Basi kura yangu ni hii. Kamati ikikubali kununua tairi jipya la akiba pamoja na mpira wake wa ndani na valvu yake, fungeni mtambo wa kiwandani, nami nitakuja Jumamosi mbili mfululizo kufanya kazi na klabu. Vijana watajifunza ndani ya mtambo mmoja mambo ya Boyle, ya mpira, ya chumvi na ya subira, na gari litabaki lilivyokusudiwa. Kamati ikiona fedha hazitoshi, basi mfunge pampu ya umeme, yenye fyuzi yake, na tairi la akiba lipewe upepo wa kawaida mpaka fedha zipatikane. Lisilokubalika ni la katikati, yaani kununua kopo zuri la ng'ambo ili gari lipendeze siku ya maonyesho, halafu likaunganishwa na tairi lile. Najua kamati zetu. Kopo linaonekana ukifungua boneti; umri wa tairi hauonekani mpaka uiname. Mimi nimekaa katika vikao vya serikali miaka mingi, na nimeona fedha nyingi zikienda kwenye kile kinachoonekana bila kuinama.

Mhasibu wa chama yuko hapa, ananitazama. Bei ya tairi la inchi 15 la upana huo nimemwandikia kwenye karatasi, na nimeanza mchango kwa bei ya mpira wa ndani. Kofia ya mlinzi iko pale mlangoni, imegeuzwa juu chini, na si kwa sababu ya joto.

Tairi la zamani nimekwisha kuwaomba vijana wa klabu walitoe upepo wote na waliweke nje ya karakana, lisirudishwe garini hata kwa siku moja. Gari langu liko chini ya mwembe karibu na maktaba. Baada ya chakula cha mchana nitakuwa pale na geji, kipande cha sabuni na pini, na kila mwenye kutaka kubonyeza kitufe atakibonyeza, ila walimu wasisimame upande wa kulia, tundu la kulia la pua bado linarusha maji juu ya paa.